Majibu ya saa nane usiku: kupanga orodha ya vyuo vya Marekani ukiwa huna ada

Mwishoni mwa Machi kuna usiku mmoja ambao vyuo vinane vya kaskazini mashariki mwa Marekani, vile vya Ivy League, hufungua majibu yao kwa pamoja. Huko kwao ni saa moja jioni. Dar es Salaam na Nairobi ni saa nane usiku. Mwombaji amekaa kitandani, simu iko chaji, bando limenunuliwa tangu jioni lisije likakatika, na nyumba nzima imelala au inajifanya imelala. Anaingiza nywila ya kwanza. Kisha ya pili. Kufikia saa nane na robo amesoma barua nane, na zote zinaanza kwa kusikitika.

Kunapokucha hana chuo hata kimoja.

Insha zaidi ya ishirini, ada za maombi, mtihani wa SAT, walimu waliopigiwa simu mpaka wakachoka: vyote vimeishia ndani ya robo saa.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu kosa halikufanyika usiku ule. Lilifanyika Agosti, siku orodha ilipoandikwa. Harvard, Yale, Princeton, Columbia, Penn, Brown, Dartmouth, Cornell. Na mstari wa mwisho: "chuo cha hapa nyumbani, yote yakishindikana." Anayeandika orodha hiyo si mvivu wala hana makuu. Ameambiwa ana akili, akaandika majina anayoyajua.

Nane mara nne

Wengi hupiga hesabu hivi: kila chuo huchukua kama asilimia 4 ya waombaji, vyuo ni vinane, basi nafasi yangu ni asilimia 32. Aliyeelewa mada ya uwezekano darasani atamsahihisha: moja utoe 0.96 kipeo cha nane, unapata kama asilimia 28. Bado si haba, anajiambia.

Hesabu zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinachukulia kwamba kila chuo kinarusha sarafu yake. Faili linalosomwa ni lilelile: alama zilezile, insha kuu ileile, barua zilezile za walimu. Insha ikipwaya, imepwaya mbele ya wasomaji wote nane. Kama mwalimu wa fizikia ameandika mistari minne kwamba mwanafunzi huyu ana nidhamu na bidii, ni mistari hiyohiyo minne kila mahali. Chuo cha pili kinachofanana na cha kwanza mara nyingi hurudia jibu la kwanza.

Tena hiyo asilimia 4 yenyewe si yako. Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 na kudahili 1,937, yaani kama watu 36 katika kila elfu. Ndani ya hao 36 wamo wanamichezo waliotafutwa na makocha, wamo watoto wa waliosoma hapohapo, na Wamarekani ndio wengi. MIT hutoa takwimu za waombaji wa kigeni peke yao, na kwao kiwango huwa karibu asilimia 2, kwa kuwa chuo kimejiwekea kikomo cha wageni. Rudia hesabu ya vyuo vinane kwa asilimia 2 uone: inashuka hadi 15, na hapo bado tunajifanya sarafu ni nane.

Ombeni vyuo hivyo. Kuna watoto wa Kilimanjaro na wa Bonde la Ufa waliovisoma na kuvimaliza. Ninachokipinga ni orodha isiyo na kitu kingine.

Mizani ya alama haitoshi

Washauri wa Marekani hufundisha mafungu matatu: vyuo vya ndoto, vyuo vya saizi yako, na vyuo vya uhakika. Unalinganisha alama zako na za wanaodahiliwa, kisha unagawa. Ushauri huo unamfaa mtoto wa Ohio, ambaye chuo kikuu cha jimbo lake kitamchukua na wazazi wake wanajua watalipaje. Mtoto wa Songea au Kitale ambaye nyumbani hawawezi hata robo ya dola 80,000 na ushee kwa mwaka, mizani hiyo haimwambii kitu. Chuo kinaweza kumdahili na kumpa punguzo la dola 20,000. Barua ni nzuri, ya kuweka kwenye fremu, na hakuna anayesafiri.

Kwa hiyo kila jina lijibu maswali mawili. Je, chuo hiki hutazama mfuko wa mwombaji wa kigeni kinapoamua? Na kikishamchukua, hufidia upungufu wote au sehemu tu?

Vyuo visivyotazama mfuko wa mgeni na vinavyofidia upungufu wote ni vya kuhesabu kwa vidole: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na miaka ya karibuni wameongezeka Brown, Notre Dame na Washington and Lee. Hapa kuomba msaada hakukupunguzii kitu. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, haitozi chochote familia yenye mali za kawaida na kipato kisichofika dola 100,000 kwa mwaka, na karibu kila anayesoma makala haya yumo humo.

Kundi la pili hufidia upungufu wote wa wale linaowachukua, lakini hutazama mfuko kwanza. Humu wamo Stanford, Columbia, Penn, Cornell, Williams, Swarthmore, Grinnell, Carleton, Macalester, Colby, Vassar, Smith, Wellesley na Mount Holyoke. Sasa rudi kwenye orodha ya mwanzo. Columbia, Penn na Cornell wako hapa. Aliyeiandika hakujua kwamba vyuo vitatu kati ya vinane vyake vingepima na mfuko wa baba yake.

Kundi la tatu hutoa punguzo kwa alama nzuri na kukuachia salio. La nne halimpi mgeni kitu, au linampa kidogo mno, na vyuo vikuu vingi vya serikali vya huko vimo humu. Kuweka UCLA kwenye orodha ya mtu asiye na ada ni kutupa ada ya maombi.

Msichana ana orodha ndefu kuliko kaka yake, na wengi hawalijui hilo. Smith, Wellesley, Mount Holyoke na Bryn Mawr ni vyuo vya wanawake vyenye fedha na vyenye historia ndefu ya kupokea wageni. Nikiona orodha ya msichana isiyo na hata kimoja, najua hajashauriwa.

Sehemu iitwayo H6

Hapa ndipo penye shaka yangu kubwa. Kwa mwombaji anayehitaji kila kitu, je, kuna chuo cha "saizi yako" Marekani? Nimelizungusha sana swali hili, na jibu la kweli ni kwamba havipo kwa maana wanayoikusudia wao. Vilivyopo ni vyuo vigumu na vyuo vigumu kidogo. Kazi yako ni kuvitofautisha, na kiwango cha udahili kinachotangazwa hakikusaidii.

Kinachosaidia kipo wazi, ila watu hawakifungui. Kila mwaka vyuo vingi vya Marekani hujaza fomu moja ndefu iitwayo Common Data Set na kuiweka kwenye tovuti zao. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu, fungua ya mwaka wa karibuni, na usianze ukurasa wa kwanza. Nenda B2, jedwali la wanafunzi kwa asili zao, unakili idadi ya wale wasio wakazi wa Marekani. Kisha shuka mpaka H6. Hapo chuo kinasema kama kinawapa wageni msaada kwa uhitaji, kwa alama, au hakiwapi kabisa. Chini yake kuna namba tatu: wageni wangapi wamepewa, wastani wa kila mmoja, na jumla ya fedha.

Tuseme chuo A kina wageni 240, waliopewa msaada 220, wastani dola 68,000, na gharama yake kwa mwaka ni dola 85,000. Chuo B kina wageni 900, waliopewa 310, wastani dola 19,000, gharama karibu hiyohiyo. A huchukua asilimia 18 ya waombaji wote, B asilimia 45. Kwa macho, B ndicho cha uhakika. Kwa asiye na ada, B hakipo duniani.

Endelea na A. Gawanya 220 kwa miaka minne ya masomo: kama watu 55 kila mwaka. Hizo ndizo nafasi unazogombea, pamoja na vijana wa Nepal, Ghana, Vietnam na Zimbabwe. Halafu tazama wastani dhidi ya gharama. Pengo ni dola 17,000, maana yake baadhi ya familia zinachangia. Wastani huficha: pengine nusu wamelipiwa kila kitu na nusu wanalipa 34,000. Namba hii inakuelekeza nani wa kumwandikia barua kuuliza, na barua yenyewe nitaifikia.

Ukiwa bado kwenye fomu hiyo, pita C7. Kuna mstari unaosema kama chuo huzingatia dalili za mwombaji kukipenda. Kama huzingatia, jiandikishe kwenye orodha yao ya barua pepe, hudhuria kikao cha mtandaoni, fungua wanachokutumia. Vyuo vikubwa vya ndoto aghalabu havijali. Vidogo vingi vinajali.

Fanya hivi kwa vyuo ishirini. Ni kazi ya Jumamosi mbili, na baada yake utakuwa unasema Grinnell na Macalester kama ulivyokuwa ukisema Yale. Grinnell iko Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi. Mtoto wa Sumbawanga hatashangaa mandhari.

Kuna jina moja ambalo vijana hupeana kama siri, nalo ni Berea, Kentucky. Ni kweli hakitozi ada ya masomo, kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, na mgeni anayejiunga hugharamiwa kikamilifu mwaka wa kwanza. Lakini nafasi za wageni ni chache mno. Kiweke kati ya vyuo vigumu, si vya akiba.

Namba ya nyumbani

Vyuo vinavyotazama mfuko vina bajeti ya wageni inayopangwa mapema. Kamati ikiwa na wawili wanaolingana, mmoja anahitaji dola 85,000 na mwingine 70,000, wa pili ana mteremko. Hilo halifichwi. Na hapo ndipo kishawishi kinapoingia.

CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa fedha, huuliza wazazi wanaweza kuchangia kiasi gani. Mjomba anasema: "Andika elfu kumi, tukifika huko tutajua."

Msimsikilize mjomba kwa hili.

Elfu kumi ya mwaka wa kwanza huweza kupatikana. Kutafanyika harambee, kanisa litachangia, msikiti utachangia, watu wa ofisini watapitisha bahasha, ng'ombe wawili watauzwa. Mwaka wa pili bahasha haipiti tena, maana watu wanajua umeshafika Marekani. Na vyuo vingi humwambia mgeni tangu mwanzo kwamba msaada aliopangiwa ndio huohuo hadi mwisho, labda mambo ya nyumbani yabadilike kwa namna inayothibitishika. Mwanafunzi anarudi nyumbani na nusu ya shahada.

Kuna kishawishi cha upande wa pili: kuweka alama ya "hapana" kwenye swali la kuomba msaada ili faili lionekane jepesi, kwa matumaini ya kuomba baadaye. Stanford hutamka wazi kwamba mgeni asiyeomba msaada wakati wa udahili hatastahili kuuomba miaka yote minne, na haiko peke yake. Alama moja ya tiki, miaka minne.

Basi andika namba ya kweli, hata ikiwa dola 400. Na uipate kwa kukokotoa. Fomu hutaka kipato cha mwaka: mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi ni 7,200,000. Sarafu uliyochagua mwanzoni ndiyo hiyo hadi mwisho. Anayeanza na shilingi akamalizia na dola hujikuta amekuwa tajiri kwenye karatasi, na ofisi ya msaada haitajua kama amekosea au amedanganya. Shamba nalo lihesabiwe. Magunia 40 ya mahindi, 15 yameliwa, 25 yameuzwa kwa 70,000, jumla 1,750,000. Toa mbegu, mbolea na vibarua 600,000, zinabaki 1,150,000. Weka mahesabu hayo kwenye sehemu ya maelezo, pamoja na barua yenye muhuri ya mtendaji wa kijiji, au ya chifu kwa walio Kenya, na tafsiri yake ya Kiingereza. Pengo tupu kwenye fomu ni baya kuliko namba ndogo iliyoelezwa.

Akiba inayofika mapema mno

Hili ndilo lililonigeuza mawazo. Nilidhani tatizo la orodha zetu ni kukosa chuo cha uhakika. Chuo cha uhakika tunacho: ni chuo kikuu cha nyumbani, ambacho mwenye daraja la kwanza anakipata. Tatizo ni kalenda.

Kwa Tanzania, mtihani wa kidato cha sita ni Mei na matokeo hutoka Julai. Udahili unaosimamiwa na TCU hufuata mara moja, na masomo huanza Oktoba au Novemba. Maombi ya Marekani hufunguliwa 1 Agosti, hufungwa Novemba kwa wanaowahi na mwanzoni mwa Januari kwa wengine, majibu ni Desemba au Machi, na masomo ni Agosti inayofuata. Akiba inakuja kabla ya bahati nasibu.

Kijana anafanya jambo linaloonekana la busara: anaanza chuo nyumbani Oktoba huku akisubiri Machi. Hapo huenda akawa amejifungia mlango bila kujua. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kuanza shahada kuwa mwanafunzi wa kuhamia, wala si wa mwaka wa kwanza, na msaada kwa wageni wanaohamia ni mdogo sana au haupo. Masharti yanatofautiana: kuna wanaohesabu baada ya mwaka mzima, kuna wanaohesabu tangu siku ya kujisajili. Uliza kila chuo kwa maandishi kabla ya Oktoba.

Mimi ningemshauri mwenye matokeo mazuri na orodha iliyopangwa vizuri asubiri mwaka huo mmoja, na Julai inayofuata aombe tena nyumbani kwa matokeo yaleyale. Akiba haiozi. Lakini ushauri huo ni rahisi kwa anayekula kwa baba yake. Kwa ambaye mkopo wa serikali ndio utakaomtoa kijijini, mwaka mmoja wa kukaa bure si kitu kidogo, na akiamua kwenda chuo cha nyumbani Oktoba sitamwambia amekosea.

Kenya kalenda ni nyingine. KCSE huisha Novemba na matokeo hutoka karibu na Januari, wakati milango ya Marekani inafungwa. Wengi hulazimika kuomba mzunguko unaofuata, na KUCCPS huwa imeshawapangia chuo katikati. Swali ni lilelile.

Tiketi moja ya kuwahi

Kuwahi Novemba kuna aina mbili zinazotuhusu. Moja ni ahadi: ukichukuliwa unakwenda, na unaondoa maombi mengine yote. Amherst, Bowdoin, Brown na Dartmouth huitumia. Nyingine, ya Harvard, Yale, Princeton, Stanford na Notre Dame, haikufungi kwenda ila inakuwekea mipaka ya wapi pengine pa kuwahi. MIT haikuwekei mpaka upande wake.

Vyuo vingi vidogo hujaza karibu nusu ya darasa kwa njia ya ahadi, kwa hiyo tiketi hii ina thamani. Wazazi huogopa neno ahadi. Wajue kwamba msaada ukija pungufu ya uhitaji, chuo humwachilia mwombaji. Kwa maoni yangu tiketi itumike kwenye chuo kisichotazama mfuko na kidogo kiasi cha kukusoma kwa utulivu, kama Bowdoin au Amherst. Kuitumia Harvard kwa sababu ya jina ni kuitumia mahali inaposaidia kidogo.

Karatasi zetu na macho yao

Msomaji wa Marekani akiona "pointi 3" hajui kama ni ajabu au aibu. Tanzania, pointi 3 za kidato cha sita ni kilele cha daraja la kwanza. Kenya, pointi 12 ndizo A. Mkuu wa shule aambatanishe ukurasa mmoja unaoeleza alama, idadi ya wanafunzi na matokeo ya shule. Shule nyingi hazina ukurasa huo. Uandike wewe, yeye ausome, asahihishe na kuuweka muhuri.

Barua za walimu hupitia viungo vya barua pepe ambavyo Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi kwa fomu moja, huwatumia wenyewe. Mwalimu anayeandika kwa mkono na kukupa bahasha iliyofungwa amekupa kitu kisichopakiwa popote. Kaa naye, fungua barua pepe yake pamoja naye, hakikisha kiungo hakijaangukia kwenye takataka.

Majina ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na pasipoti yafanane herufi kwa herufi. Pasipoti yenyewe itafutwe mapema, maana huenda ukaihitaji siku ya SAT. Na SAT inapanga orodha pia: Harvard, MIT, Dartmouth, Brown na Yale wamerudisha sharti la mtihani, ingawa Yale hukubali aina kadhaa. Bowdoin haijaulazimisha tangu 1969. Kwenye shughuli zako, ambako kuna nafasi kumi za herufi 150 kila moja, kulea wadogo zako na kukaa dukani ni shughuli halali. Ziandike na saa zake.

Nchi iliyo nje ya uwezo wako

Juni 2025 Marekani iliwazuilia raia wa Burundi aina kadhaa za viza, ya masomo ikiwemo. Desemba mwaka huohuo Tanzania nayo ikaingizwa kwenye orodha ya nchi zenye zuio la namna hiyo. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo lililopo wiki unayojaza fomu, na uulize chuo kama kitakuhifadhia nafasi na msaada kwa mwaka mmoja viza ikikwama.

Ndiyo maana orodha isiyo na nchi nyingine si orodha. Ashesi ya Ghana ilianzishwa 2002 na Patrick Awuah, aliyesoma Swarthmore, na inafundisha kwa mtindo uleule wa vyuo vidogo vya Marekani. NYU Abu Dhabi huombwa kupitia Common App hiyohiyo. Ni ngumu kama vyuo vya ndoto, lakini viza yake ni ya nchi nyingine. Chuo Kikuu cha Cape Town kimekuwa na nafasi za Mastercard Foundation kwa Waafrika.

Vingapi, na kwa shilingi ngapi

Common App huruhusu vyuo 20. Usivijaze vyote. Kila chuo kigumu huja na insha zake mbili tatu, na ya kumi na tano huwa imenakiliwa kutoka ya nne na jina la chuo limebadilishwa, wakati mwingine halikubadilishwa. Kumi na kimoja au kumi na viwili vinatosha: vitatu visivyotazama mfuko, vitano au sita vyenye H6 nzito ambavyo majina yake hayatamkwi mtaani, viwili nje ya Marekani, na kimoja cha nyumbani ambacho umekitembelea na kukiheshimu.

Ada ya maombi mahali pengi ni dola 60 hadi 90. Carleton, Colby, Grinnell, Smith na Wellesley hawatozi. CSS Profile ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachoongezeka, hivyo vyuo kumi ni dola 169. Mgeni huweza kupewa msamaha na chuo chenyewe akiomba, na baadhi ya vyuo hupokea fomu ya ISFAA badala yake, ambayo ni bure. Akiba nyingine ya dola 535 ikae kando: 350 za usajili wa mwanafunzi wa kigeni serikalini huko na 185 za viza, mbali na nauli.

Barua ya Septemba

Ukishafika vyuo kumi na viwili kwenye jedwali lako, iandikie ofisi ya msaada ya kila kimoja. Fupi, ya heshima, kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Uliza kama kuomba msaada kunaathiri uamuzi kwa raia wa nchi yako. Uliza kama wanafidia upungufu wote na kama ndani yake imo nauli na bima ya afya. Uliza kama kiasi hicho hubaki au huongezeka ada inapopanda. Uliza kama wanapokea ISFAA na kama watakusamehe ada ya maombi. Na kama umeanza chuo nyumbani, uliza watakuhesabu vipi.

Wengi hujibu ndani ya wiki mbili. Nakili kila jibu kwenye jedwali, mbele ya jina la chuo, pamoja na tarehe. Chuo kilichojibu kwa kuzunguka mbuyu mwandikie tena mara moja. Kikizunguka tena, kifute na uweke kinachofuata. Bado ni Septemba, na hujalipa hata dola moja.